Kufundisha Ukoo wa Asteroidi: Vesta na Kimondo cha Peramiho

Mwalimu mwanafunzi anapofundisha mfumo wa Jua, mara nyingi huandika ubaoni kwamba asteroidi ni mawe yanayolizunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, kisha watoto hunakili. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayamwachii mtoto jambo la kufikiri. Katika makala haya tunapendekeza somo ambalo mtoto ataupima ushahidi kwanza, na jina atalipata baadaye.

Maarifa ya Mwalimu

Mwaka 1899 kimondo kilianguka Peramiho, karibu na Songea, katika nyanda unakoanzia Mto Ruvuma. Kilichohifadhiwa kina uzito wa gramu 165 tu. Ni jiwe la aina ya yukriti, yaani mwamba uliopata kuyeyuka na kuganda kama ule wa volkeno. Jiwe dogo kiasi hicho haliwezi kuyeyuka lenyewe huko angani. Hapana budi lilimeguka kutoka katika gimba kubwa.

Gimba linalodhaniwa na wataalamu wengi ni Vesta, asteroidi iliyogunduliwa na Heinrich Olbers mwaka 1807. Upana wake ni kilomita 525 hivi. Mwaka 1970 wataalamu waliupima mwanga wa Jua unaorudishwa na Vesta, wakaona unalingana na ule wa yukriti. Chombo kiitwacho Dawn, kilichoizunguka Vesta mwaka 2011 na 2012, kilichunguza shimo kubwa kusini mwake, lenye upana wa kilomita 500 hivi. Pigo lililolichimba lilirusha vipande vingi, na maelfu kati ya hivyo ndivyo ukoo wa Vesta.

Je, ukoo hutambuliwaje? Mwaka 1918 Kiyotsugu Hirayama wa Japani alionyesha kwamba baadhi ya asteroidi zina njia za mzunguko zinazofanana kwa ukubwa, umbo na mwinamo. Hazisafiri pamoja kama kundi la ng'ombe. Kila kipande kilirushwa kwa mwendo tofauti kidogo, kwa hiyo baada ya mizunguko mingi vimetawanyika njia nzima. Baadhi hufika mahali ambapo asteroidi hulizunguka Jua mara tatu wakati Mshtarii inazunguka mara moja. Hapo mvuto wa Mshtarii hurudiwa-rudiwa, ukairefusha njia hata ikakatana na ile ya Dunia.

Vifaa

Kigingi, kamba, vipande vitano vya kifuu kimoja cha nazi, na vigae vitano vya chungu kimoja.

Hatua za Somo

1. Chora mchangani miduara miwili inayokatana, huku Jua likiwa ndani ya yote miwili. Nusu ya darasa ibaki ndani.

2. Watoto watano wenye vipande vya kifuu waanze mahali pamoja katika mduara wa kwanza, na watano wenye vigae katika wa pili. Kila mmoja afiche chake mkononi na atembee kwa mwendo wake.

3. Wanapokuwa wametawanyika, waamuru wasimame. Waite waliobaki ndani na uwaulize: "Nani ni ndugu?" Wengi watawataja waliokaribiana. Usiwasahihishe.

4. Waamuru watembeaji waendelee. Watazamaji wafuatishe nyayo zao, kisha wajibu upya.

5. Sasa mikono ifunguliwe na vipande viunganishwe. Hapo ndipo utaje maneno "ukoo wa asteroidi", na ueleze habari za Vesta na Peramiho.

Mwalimu asiruke hatua ya tatu. Mtoto aliyekisia kwa ukaribu, kisha akaona nyayo na vifuu vikimpinga, amejifunza kuwa nyayo na kifuu ni mashahidi wawili: njia na aina ya mwamba. Aliyeambiwa jibu mapema amepata sentensi ya kukariri tu.

Tathmini

Tusiulize "Taja asteroidi moja". Yafaa tuulize hivi: "Gogo limekutwa ufukweni Msimbati baada ya mafuriko ya Ruvuma. Utajuaje kama limetoka bara au limekatwa hapa pwani?" Mtoto atakayetaja aina ya mti na njia ya maji amelielewa somo, hata akilisahau jina la Vesta.