NYUMBA IKO REHANI: TUKOPE TENA TUITENGENEZE?



Somo letu la leo linahusu deni juu ya deni. Tuna maana ya mtu ambaye nyumba yake tayari iko rehani, naye anataka kukopa tena kwa nyumba ile ile ili aitengeneze. Jambo hili limekuwa la kawaida pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Mbagala, Tandika, Goba na Bunju. Wasomaji wa vijijini nao lisiwapite, maana hata hati ya hakimiliki ya kimila huwekwa rehani. Tusome polepole, penseli ikiwa mkononi.

REHANI NI NINI?

Ukikopa fedha, mkopeshaji hutaka kitu cha kumhakikishia kwamba utalipa. Kitu hicho huitwa dhamana. Dhamana ikiwa ni nyumba au kiwanja, tunasema nyumba imewekwa rehani. Utaendelea kulala ndani yake, utapika, utafagia uwanja. Lakini hati yake iko kwa mkopeshaji. Usipolipa, anaweza kuiuza.

Mkopo wa nyongeza ni fedha unayoongezewa kabla hujamaliza deni la kwanza. Mara nyingi deni la zamani na la sasa huunganishwa, likawa deni moja jipya. Miezi ya kulipa nayo huanza kuhesabiwa upya. Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa, kama tutakavyoona.

TULIKOTOKA

Kukopa kwa ajili ya nyumba si jambo geni Dar es Salaam. Mwaka 1973 ilianza Benki ya Nyumba Tanzania. Mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilianza mradi wa viwanja na huduma. Viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Manzese, ambako watu walikwisha kujenga bila kupimiwa, hawakufukuzwa. Walitengenezewa barabara na kuletewa maji, na ilipangwa kwamba wenye nyumba wapate mikopo ya kuziboresha.

Lakini wakopaji wengi hawakurudisha. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995. Kwa miaka mingi baada ya hapo mtu wa kawaida alijenga kwa fedha ya mfukoni, leo tofali ishirini, kesho mfuko mmoja wa saruji. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria mpya ya mikopo ya nyumba, na wakopeshaji wakaongezeka. Pia kuanzia mwaka 2004 watu wengi wa maeneo yasiyopimwa Dar es Salaam walipewa leseni za makazi, nazo zikaanza kutumika kama dhamana.

HABARI YA MAMA MMOJA WA MBAGALA

Katika darasa letu moja huko Mbagala, Wilaya ya Temeke, alikuwako mama mmoja muuza samaki wa kukaanga. Mumewe ni fundi wa pikipiki. Majina yao hatuyataji, na hesabu zao tumezirahisisha ili zifae kwa somo.

Wana nyumba yenye leseni ya makazi. Waliiweka rehani, wakakopa shilingi 6,300,000 kwa miezi 36, ili wamalize paa na waongeze mtaji. Kila mwezi walilipa shilingi 280,000. Walilipa mwaka mzima bila kukosa. Uani kulikuwa na vyumba viwili vilivyofika kwenye linta. Vilikaa hivyo muda mrefu, hata majani yakaota ndani.

Siku moja afisa mikopo alikuja. Akasema, "Mama, ninyi ni wateja wazuri sana. Tunaweza kuwaongezea milioni tatu. Na rejesho litapanda kwa 40,000 tu."

Baba alifurahi. "Arobaini elfu tu! Tutamaliza vyumba vya uani, tupangishe. Halafu tujenge ukuta wa mbele, tuweke na geti." Hakusema hivyo kwa kujionyesha. Pikipiki ya mteja wake iliibiwa hapo hapo uwanjani, na ilibidi ailipe.

Mama akasema, "Baba watoto, ile karatasi ya kwanza tulitia dole gumba tu. Hii tuisome kwanza."

Kesho yake akaja nayo darasani, ameifunga kwenye pindo la khanga. Tukaiandika ubaoni.

HAYA, TUHESABU

Riba yao ilikuwa asilimia 20 kwa mwaka. Maana yake, kwa kila shilingi 100 uliyokopa, unalipa riba shilingi 20 kila mwaka. Na riba hiyo ilihesabiwa juu ya fedha yote waliyoanza nayo, hata baada ya kulipa sehemu.

Kama wangebaki na deni la zamani:
Miezi iliyobaki: 24
Rejesho la mwezi: sh. 280,000
Jumla: 24 × 280,000 = sh. 6,720,000

Kama wangechukua nyongeza:
Salio la mkopo wa zamani, bila riba: sh. 4,200,000
Nyongeza: sh. 3,000,000
Deni jipya: sh. 7,200,000
Riba ya mwaka mmoja: sh. 1,440,000
Riba ya miaka 3: sh. 4,320,000
Jumla ya kulipa: sh. 11,520,000
Rejesho la mwezi, kwa miezi 36: sh. 320,000

Sasa toa: 11,520,000 − 6,720,000 = 4,800,000.

Darasa lilinyamaza kimya. Afisa mikopo hakusema uongo. Kutoka 280,000 hadi 320,000 ni 40,000 kweli. Lakini hakutaja kwamba miezi 24 imegeuka kuwa 36. Mwaka mmoja zaidi wa kulipa 320,000 kila mwezi, na mwaka mmoja zaidi nyumba iko rehani. Milioni tatu ya kupokea ni milioni nne na laki nane ya kulipa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa "rejesho litapanda kidogo tu", uliza swali la pili: "Kwa miezi mingapi?"

VYUMBA NA GETI SI KITU KIMOJA

Tuliwauliza fundi wao anataka kiasi gani. Kumaliza vyumba viwili, yaani mbao, bati, milango, madirisha, lipu na sakafu, ni shilingi 1,600,000. Ukuta wa mbele na geti ni shilingi 1,400,000.

Vyumba vitapangishwa kwa shilingi 45,000 kila kimoja. Kwa mwezi ni 90,000. Tukigawa 4,800,000 kwa 90,000 tunapata miezi 53 na zaidi kidogo. Mkopo ni wa miezi 36. Kodi ya vyumba haitatosha kulipa nyongeza hiyo ndani ya muda wake, hata kama wapangaji hawataondoka siku moja.

Sasa tuondoe geti. Wakikopa 1,600,000 tu kwa masharti yale yale, nyongeza ya kulipa ni 2,560,000. Tukigawa kwa 90,000 tunapata miezi 28 na nusu hivi. Hapo vyumba vinajilipia kabla mkopo haujaisha.

Mmeona? Vyumba havikuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba vyumba vilibebeshwa mzigo wa geti. Geti ni zuri, huzuia wezi, lakini halilipi kodi. Kazi ya nyumba iko ya namna tatu:

1. Kazi ya kuokoa. Paa linalovuja juu ya kitanda, choo kinachotaka kutitia, ukuta uliopasuka. Hii haingoji.
2. Kazi ya kuzaa. Chumba cha kupangisha, kibanda cha biashara. Hii ipimwe kwa hesabu.
3. Kazi ya kupendeza au kustarehesha. Geti, vigae, rangi, dari mpya. Hii ingoje fedha ya mfukoni.

Usiweke nyumba rehani kwa kazi ya namna ya tatu. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

MAMBO YA KUSOMA KABLA YA KUTIA SAINI

Kwanza, riba inahesabiwaje? Wako wanaohesabu juu ya fedha yote ya mwanzo, kama tulivyoona. Wako wanaohesabu juu ya salio linalopungua kila mwezi. Asilimia 20 ya namna ya pili ni nafuu zaidi. Usilinganishe wakopeshaji wawili kwa asilimia peke yake. Uliza jumla ya kulipa.

Pili, utapokea kiasi gani mkononi? Ada ya fomu, bima na gharama ya kuthamini nyumba huweza kukatwa mwanzoni. Unasaini milioni tatu, unapokea pungufu.

Tatu, mwenzio amekubali? Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inailinda nyumba hiyo. Mama anayeambiwa "tia dole hapa, ni karatasi tu" ana haki ya kusema, "Nisomee kwanza," au aisome mwenyewe.

Nne, leseni yako ya makazi bado hai? Leseni ina muda wake. Ukiisha, lazima uihuishe.

Tano, ukishindwa kulipa itakuwaje? Sheria inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya maandishi, na akupe siku 60 za kurekebisha kabla ya kuuza. Ukipata notisi usiifiche chini ya godoro. Siku hizo 60 ndizo za kwenda kuzungumza naye, kuomba mpango mpya, au kutafuta msaada wa sheria. Siku ya mnada, dalali akiwa mlangoni na majirani wamejaa barabarani, mazungumzo huwa yamechelewa.

MWISHO WAKE

Baba na mama walirudi kwa afisa mikopo wakaomba 1,600,000 tu. Wakaambiwa nyongeza haitolewi chini ya milioni mbili. Wakasema asante, wakaondoka.

Wakaamua kumaliza chumba kimoja kwanza. Mama aliweka zamu yake ya upatu, baba akaweka alichopata gereji. Zilihitajika 800,000, na iliwachukua miezi minane. Sasa chumba kimoja kina mpangaji. Chumba cha pili bado kina majani, na geti halipo. Pikipiki za wateja baba huziingiza sebuleni usiku, na nyumba nzima inanuka petroli. Lakini kwa miezi hiyo minane salio la mkopo wao limeshuka kutoka 4,200,000 hadi 2,800,000.

Siku mama alipotueleza hayo, mzee mmoja darasani alipinga. Alisema, "Mama, umepoteza kodi ya miezi minane ya vyumba viwili. Ungekubali milioni mbili, ukamaliza vyote." Mama akajibu, "Mzee wangu, ni kweli kodi nimeikosa. Lakini samaki wakiadimika mwezi mmoja, kodi hiyo nitaikosa nikiwa kwangu." Ubishi ulikuwa mkali, na kengele ikalia hatujamaliza. Tunawaachia ninyi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini rejesho lilipanda kidogo lakini deni likawa kubwa?
2. Kodi ya vyumba viwili kwa miezi minane ni shilingi ngapi? Na kama wangekopa 1,600,000, riba yake kwa miaka 3 ingekuwa shilingi ngapi? Linganisheni.
3. Nani alikuwa na haki, mzee au mama? Toeni sababu.
4. Tazameni nyumba zenu. Kila mmoja aandike kazi moja ya kuokoa, moja ya kuzaa, na moja ya kupendeza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Rehani: kuweka mali, kama nyumba, kuwa dhamana ya deni.
Riba: fedha unayolipa zaidi ya ile uliyokopa.
Rejesho: kiasi unacholipa kila mwezi.
Salio: sehemu ya mkopo iliyobaki.
Notisi: barua ya kukuonya kabla ya hatua kuchukuliwa.