Kutoka Simba Wanyika hadi Les Wanyika: Sarufi ya Mgawanyiko

Mwanafunzi wa fasihi akinukuu wimbo wa bendi, humtaja nani kuwa mtunzi? Makala haya mafupi yanajibu kwa kupitia historia ya Wanyika, ambao muziki wao tuliusikia redioni tangu utotoni hapa Mboghoni, karibu na mpaka ambao mabendi ya Tanzania yalizoea kuuvuka.

Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, wenyeji wa Tanga, walipigia Jamhuri Jazz kwao, wakaunda Arusha Jazz, kisha wakaingia Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa walijitoa, miongoni mwao mpiga gita la kati Omar Shabani na mpiga besi Tom Malanga. Wakaunda Les Wanyika, wakaungana na John Ngereza. Baadaye mwimbaji Issa Juma akaunda Super Wanyika.

Tuyachunguze majina hayo. "Simba wa nyika" ni nomino na a-unganifu. Katika ngeli ya A-WA, umoja (u+a) na wingi (wa+a) zote hutoa "wa". Hivyo jina halisemi kama simba ni mmoja au wengi. Waliojitoa walimwacha simba kwa wenyewe, wakachukua "wanyika". Hapo "wa" ikaacha kuwa kiunganifu, ikawa kiambishi cha wingi. Mbele yake wakaweka "Les", kibainishi cha wingi cha Kifaransa, kwa mtindo wa bendi za Kongo. Wingi ukawa maradufu. Neno "Wanyika" lilikuwapo pwani tangu zamani, likitumiwa kwa dharau kuwaita Wamijikenda. Katika muziki lilipata maana mpya.

Kwa nini haya yatuhusu? Kwa sababu "Sina Makosa", wimbo wa Les Wanyika, mara nyingi husemwa kuwa wa Simba Wanyika. Mwandishi wa makala haya naye aliwahi kukosea hivyo katika insha yake ya shahada ya kwanza, akajenga hoja nzima kuhusu mtindo wa akina Kinyonga juu ya matini isiyo yao. Msingi ukiwa mbovu, nyumba haisimami.

George alifariki mwaka 1992, Wilson 1995, Omar Shabani 1998 na Ngereza 2000. Hawawezi tena kutusahihisha. Basi kila tunukuupo wimbo, tutaje bendi kamili, mwaka, na waliokuwamo siku ile. Jina la bendi hudumu. Waimbaji hubadilika, na haki ya utunzi ni yao.