Ukali wa Ulinzi wa Sisilia

Anayecheza drafti kwa vizibo vya soda pale Tunduma, malori yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, tayari anao ubao wa chesi: ni miraba ileile 64. Ng'ambo ya mpaka huo ni Zambia, nchi ya Amon Simutowe, mtu wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kupata cheo kikubwa cha chesi cha grandmaster.

Kila mraba una jina: herufi ya safu wima, a hadi h kutoka kushoto kwa mwenye nyeupe, kisha namba ya mstari, 1 hadi 8 kuanzia upande wake. Nyeupe huanza. Mara nyingi askari, kete ndogo kuliko zote, husukumwa hadi e4 ili kushika katikati. Nyeusi ikijibu e5, pande mbili zinafanana. Ikijibu c5, huo ndio Ulinzi wa Sisilia.

Askari wa c5 anaitazama d4. Askari mweupe akifika hapo huliwa, na farasi mweupe hulipiza. Sasa usawa umevunjika: nyeusi ina askari wawili wa katikati dhidi ya mmoja, nyeupe imetangulia kutoa kete zake. Faida ya nyeusi hudumu. Ya nyeupe huisha upesi, kwa hiyo lazima ishambulie mapema. Ukali wa ulinzi huu unatoka hapo.

Tuutazame mchezo wa 16 wa kugombea taji la dunia, Moscow, 1985. Garry Kasparov, mwenye miaka 22, alishika nyeusi dhidi ya bingwa Anatoly Karpov. Alikwisha kumfukuza farasi mmoja mweupe hadi a3, ukingoni, ambako farasi hufikia miraba 4 tu. Hatua ya 8 akamtoa askari kafara kwenye d5. Hatua ya 16 farasi wake akatua d3, akitishia miraba 8, ikiwemo c1 na e1 ambayo ngome nyeupe ziliihitaji. Karpov alikuwa na askari wa ziada, lakini kete zake zilibanwa, na kwenye hatua ya 40 akasalimu amri. Kwangu, ni mchezo mzuri kuliko yote ya pambano lile.

Hata hivyo kafara ile ilikuwa na ufa. Mwaka 1986, jijini Brussels, Karpov alikutana nayo tena alipocheza na John van der Wiel. Hatua ya 12 akamweka askofu wake e3, aliwe. Askofu mweusi akimla, malkia mweupe huruka hadi a4, humtishia mfalme, kisha humla farasi mweusi aliyesimama b4, na askari wa ziada hubaki palepale.