Ukuta wa Mawe Matupu: Kutoka Nassa Hadi Thimlich Ohinga

Mpwa wangu wa darasa la saba alitazama sinema ya wafalme na farasi, kisha akaniuliza: "Mjomba, hizi ngome za mlimani, huku kwetu hazikuwapo?" Nilimjibu kwamba zilikuwapo na nyingine bado zimesimama, ila hazina minara wala bendera. Kuna Fort Ikoma huko upande wa Serengeti, lakini ile ni ya Wajerumani, ni ya juzi tu. Ngome ya kale hasa ya ukanda huu wa ziwa iko ng'ambo ya mpaka, Kaunti ya Migori nchini Kenya, nayo ni Thimlich Ohinga. Tulikwenda, na tulikosea mambo kadhaa ambayo wewe huna haja ya kuyarudia.

Safari hii huharibikia mpakani, si porini, kwa hiyo anza na karatasi. Usitegemee kadi ya NIDA. Beba pasi, na kama huna, ulizia hati ya dharura ya kusafiria katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Bariadi, wiki kadhaa kabla ya tarehe yako. Mtoto naye anahitaji hati yake mwenyewe. Na kama si wa kumzaa, beba barua ya ridhaa ya wazazi wake. Mimi sikuwa nayo. Nilikaa kwenye benchi karibu saa mbili nikimtafuta dada yangu kwenye simu, naye alikuwa shambani na simu ameiacha kwenye chaji.

Halafu kuna kadi mbili za njano ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Ukichanjwa leo, cheti kinaanza kutambulika baada ya siku 10, na tangu 2016 sindano moja inatosha maisha yote. Nyingine ni Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari linalovuka nchi. Anayesafiri na gari lake mwenyewe anahitaji zote mbili. Nimewahi kumwona jamaa akitoa cheti cha sindano kwa fahari kabisa alipoulizwa bima.

Njia yenyewe haina fumbo. Ukiwa kwetu Nassa, barabara kuu ya Mwanza–Musoma inapita mlangoni kwako. Kabla jua halijachomoza, dandia basi au mchomoko wa Lamadi, kisha Bunda, kisha Makutano, halafu uvuke Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, upande Tarime na kushukia Sirari. Basi la moja kwa moja la kutoka Mwanza ni bora ukilipata, kwa sababu kila unapobadilisha gari unapoteza nusu saa ya kusubiri lijae. Sirari na Isebania ni mji mmoja uliochorwa mstari katikati. Wakuria wako pande zote mbili na wanavuka kama unavyovuka kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Ndiyo maana vijana watakwambia njia za panya ni rahisi. Kwao ni rahisi. Wewe gongewa mhuri wa kutoka na mhuri wa kuingia, utazame mwenyewe kwamba yote miwili imo. Anayerudi bila mhuri wa kuingia Kenya hana maelezo ya kumpa mtu.

Badilisha fedha mchana, mahali penye kaunta, na uhesabu kabla hujaondoka dirishani. Usibadilishe zote, ila hakikisha una njia ya kulipa kwa simu upande wa Kenya, kwa kuwa taasisi nyingi za serikali huko sasa hupokea ada kwa simu. Ikiwa laini yako haifanyi kazi hiyo, mwombe mwenyeji akulipie umpe taslimu, ndivyo tulivyofanya. Thimlich Ohinga husimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Uliza ada ya raia wa Afrika Mashariki kabla hujapangiwa ya watalii wa mbali.

Ukishavuka mpaka, nenda ukalale mjini Migori. Usijaribu kwenda na kurudi siku moja kutoka Nassa, utafika umechoka uone mawe tu. Jioni mjini ni ya kujifunza lugha. Stendi wao wanaiita steji, dagaa ni omena, sato ni ngege na sangara ni mbuta, ingawa samaki wenyewe ni wa ziwa lile lile. Kiswahili kitakuvusha, lakini salamu ya Kijaluo hufungua uso wa mtu: "oyawore" asubuhi na "erokamano" ukishukuru. Wazee waamkie kwanza, hata kama mwenye habari unayoitaka ni kijana aliyekaa pembeni. Sisi Wasukuma tunalijua hilo, hatuhitaji kufundishwa. Tunalisahau tu tukiwa na haraka.

Kutoka Migori hadi bomani ni kilomita kama 46 kuelekea kaskazini-magharibi. Sehemu ya mwisho ni ya bodaboda au gari la kukodi. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja, na ulipe nusu. Ukimlipa yote dereva atapata abiria mwingine, nawe utabaki kilimani ukisubiri huruma. Epuka Machi hadi Mei kama unaweza. Juni hadi Agosti njia ni kavu na nyasi hazijafunika misingi ya nyumba, ambayo ndiyo nusu ya unachokwenda kuona. Viatu viwe vya kufunika vidole. Maji beba lita mbili kwa kila mtu, na chakula cha mchana toka nacho Migori.

Sasa tuje kwenye mawe.

Kwa Kijaluo, ohinga ni boma la mawe, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Katika eneo zima la kusini mwa Nyanza maboma ya aina hii yaliyohesabiwa yanazidi 500. Hili ndilo kubwa na lililohifadhika kuliko yote, na mwaka 2018 UNESCO waliliingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Inakadiriwa lilijengwa karne ya 16. Waliolijenga na waliolirithi hawakuwa watu wa lugha moja. Jamii ziliingia kwa zamu, kila moja ikikarabati kuta za waliotangulia, hadi katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo usimuulize mwongozaji "mfalme aliyejenga ni nani". Tuliuliza, akacheka kwa adabu. Hapakuwa na mfalme. Palikuwa na familia, ng'ombe, na hofu ya wezi na wanyama.

Hapo ndipo mtu wa Nassa anapokuwa na faida kuliko mtalii aliyezoea ngome za Ulaya, ambako bwana alikaa juu na watu wake chini. Wewe umekulia penye zizi. Tembea mle ndani kama mfugaji anayekagua nyumba ya mkwewe: ng'ombe walilala wapi, maji ya mvua yalitokea wapi, mama alisagia wapi, anayekuja usiku anaonwa na nani kwanza. Kila jibu liko pale. Mabonyeo ya mviringo ardhini ni misingi ya nyumba. Mawe ya kusagia yaliyovunjika bado yamelala. Palikuwa hata na mahali pa kufulia chuma. Wajaluo wenyewe hupanga boma kwa kufuata lango, nyumba ya mke mkubwa ikitazamana nalo kutoka mwisho wa ua na vibanda vya vijana wa kiume vikiwa karibu na mlango. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mpango huo kwa mkono kabla hujaanza kuzunguka. Boma kubwa linaitwa Kochieng. Mengine ni Kakuku, Koketch na Koluoch. Anza na Kochieng asubuhi ungali na nguvu.

Usiingie haraka. Simama nje ya lango dakika tano. Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5 na unene wa mita moja hivi, na hakuna tone la udongo wala chokaa kati ya jiwe na jiwe. Sogeza uso karibu uone ufundi wake, maana ukuta ni wa tabaka tatu. Uso wa nje na uso wa ndani ni wa mawe makubwa yaliyoshikana kama meno, na katikati pamejazwa mawe madogo. Hakuna jiwe lililochongwa ili likae. Lilitafutwa linalokaa. Mpwa wangu alijaribu kufuata kwa kidole ufa mmoja kutoka juu hadi chini akashindwa, kwa sababu kila ufa unakatishwa na jiwe la chini yake. Mwashi yeyote wa Magu angemwambia sababu: ufa ulionyooka ndio unaobomoa ukuta.

Kisha ingia. Utainama, hata kama u mfupi, kwani juu ya mlango limelazwa jiwe refu kwa makusudi. Adui akiingia, kichwa chake ndicho kinatangulia, na kando ya mlango palikuwa na mahali pa mlinzi kusimama. Mweke mtoto pale pa mlinzi, wewe inama upite. Sinema ya farasi ilisahaulika papo hapo.

Usipande ukuta, hata kwa picha moja. Ukuta usio na udongo hushikwa na uzito wake tu, na jiwe moja likitoka, la jirani linalegea. Usichomeke mkono kwenye tundu lolote: nyoka nao wanajua mahali penye kivuli. Na usiokote kigae wala kijiwe cha ukumbusho, kwa maana kikishatoka mahali pake hakuna tena anayeweza kukisoma.

Mwombe mwongozaji akupeleke kwenye jiwe lenye vishimo vya bao. Wajaluo wanaliita ajua. Kwetu ni isolo. Tulichuchumaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, mwongozaji akieleza wanavyocheza wao, mpwa akimkatiza kueleza anavyocheza bibi yake Nassa, na hawakukubaliana. Kama mnataka kucheza kweli, chimbeni vishimo vyenu mchangani nje ya boma.

Muda wa kutosha ni saa nne. Mwongozaji mpe chochote mkononi mbali na ada, kisha ondokeni saa tisa alasiri, kabla mawingu ya ziwani hayajakusanyika. Udongo wa kule ni mweusi, kama ule wa mbuga zetu za pamba. Ukilowa, dereva wa bodaboda atadai bei mara mbili, na nusu ya njia utasukuma wewe.