EKRA MPYA, HERUFI ZENYE UKUNGU
Somo la mashini: kutafuta kosa kwa mpango



Somo la leo ni juu ya ekra, ndiyo kusema kioo cha ordinateri. Wengi wenu mulisikia habari ya ekra mpya ya sekretarieti, lakini wengine waliisikia kwa kombo. Kwa hiyo nitasema kwanza jambo lilivyotokea, hata kama sehemu moja inanipa haya. Kisha tutajifunza namna ya kutafuta kosa la namna hii.

A. JAMBO LENYEWE

Ekra yetu ya zamani, ile nzito yenye mgongo kama sanduku, ilikufa mwanzo wa muhula. Shule ikanunua nyingine nyembamba kwa feza ya wazazi. Ilifika juu ya lori ndani ya katoni yake. Tuliiunga na ordinateri ile ile ya zamani kwa waya ile ile ya zamani, grupu ikawashwa, na sisi wote tukasogea kutazama.

Aibu gani! Herufi zilikuwa kama barua iliyonyeshewa mvua. Mama Sekretere alijaribu kupiga orodha ya pointi kwa muda wa saa moja, halafu kichwa kikaanza kumuuma. Herufi « e » na « c » hazikutofautiana, wala 3 na 8. Na ninyi munajua maana yake: mtoto aliyepata 38 anaweza kuandikiwa 33, na mzazi atamupiga bure.

Wengine wakasema: « Ekra iko mubovu, turudishe ku muji. » Lakini lori ya kwenda na kurudi ni feza, na juma lile lile bulletin zilipaswa kutoka.

Mimi nikasema neno baya zaidi. Msichana mmoja wa klasi ya sita alikuwa na zamu ya kusafisha biro siku ile, na alipangusa ekra kwa kitambaa chenye maji kidogo. Nikamwambia mbele ya watu: « Ni wewe umeharibu hii ekra na maji yako. » Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa heshima: « Mwalimu, nilipangusa vumbi tu. Lakini muangalie muhuri ya shule kwa ile barua. Ni duara, lakini hapa iko sawa yai. Maji inaweza kugeuza duara kuwa yai? »

Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo lilifungua mlango wa somo hili.

B. EKRA IMEFANYWA NA NINI?

Ekra nyembamba si kama karatasi. Imefanywa kwa nukta ndogo sana zilizopangwa kwa mistari, kama mbegu za mahindi juu ya kisagalo. Kila nukta ina sehemu tatu: nyekundu, kijani na bluu. Ekra yetu ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Fanyeni hesabu: 1920 × 1080 = 2.073.600. Nukta hizi hazisogei wala haziongezeki. Zimewekwa kiwandani mara moja tu.

Ekra ya zamani yenye mgongo ilikuwa tofauti. Ndani yake mshale wa elektroni ulifagia kioo kutoka upande huu mpaka ule, mstari kwa mstari. Mshale ule uliweza kufagia mistari mingi au michache, na picha ikabaki nzuri. Ndiyo sababu watu waliozoea ekra zile hawakujisumbua sana na hesabu ya nukta.

Ordinateri yetu ilishika mpango wa ekra iliyokufa: ilikuwa inatuma nukta 1024 kwa upana na 768 kwa urefu. Ekra mpya ilipaswa kuzitandaza juu ya nukta zake 1920 na 1080. Tugawanye:

1920 : 1024 = 1,875
1080 : 768 = 1,406

Basi nukta moja iliyotumwa inapaswa kujaza karibu nukta mbili kwa upana, na moja na nusu pungufu kwa urefu. Lakini nukta haikatwi vipande. Ekra inafanya nini? Inachanganya weusi wa herufi na weupe wa ukurasa, na kutia rangi ya majivu pembeni. Majivu yale ndiyo ukungu tuliouona. Tena, kwa sababu upana ulivutwa kupita urefu, duara la muhuri likawa pana kuliko urefu wake kwa sehemu moja ya tatu. Yule msichana aliona vema: maji hayakuwa na kosa.

C. KABLA YA KUGUSA KITU, ULIZENI MASWALI MATATU

Swali la 1. Je, kitabu kinaonekana vizuri? Wekeni kitabu mbali na macho kama mkono ulionyoshwa, umbali ule ule wa ekra. Kama herufi za kitabu nazo zina ukungu, shida ni ya macho. Mwende kwa muganga wa macho, musimuhukumu mashini.

Swali la 2. Je, menyu ya ekra yenyewe inaonekana vizuri? Bonyezeni vifungo vya ekra, chini au nyuma yake. Inatokea menyu ndogo. Menyu hiyo haitoki kwa ordinateri, inaandikwa na ekra yenyewe. Kama herufi zake ni kali na safi, lakini zile za ordinateri zina ukungu, basi kioo ni kizima. Kosa liko katika mpango au katika waya. Jaribio hili halilipishi hata franga moja, na sisi tulikuwa karibu kulipa lori bila kulifanya.

Swali la 3. Je, duara ni duara? Kama ni yai, hesabu ya nukta haipatani na ekra. Lakini muangalie: duara likiwa zuri, haimaanishi kwamba hesabu ni sawa. Mutaona sababu katika maswali ya mwisho.

D. NJIA YA KUFUATA

Kanuni yetu: gusa kitu kimoja tu, angalia, andika kwa daftari, kisha nenda kwa kingine. Mwenye kugeuza vitu vitatu pamoja hatajua ni kipi kilichoponya.

1. Karatasi ya plastiki. Ekra mpya mara mingi inafunikwa na plastiki nyembamba ya kuikinga njiani. Ondoeni. Musicheke, kuna watu wanatazama juu yake miezi mizima.

2. Hesabu ya nukta. Bonyezeni kifungo cha kuume cha suri mahali patupu, halafu muchague mpango wa ekra. Tafuteni neno « résolution ». Katika orodha, hesabu inayofaa inaandikwa « recommandé » pembeni yake. Chagueni hiyo. Kama hesabu ya ekra yenu haiko katika orodha, mara mingi ni kwamba programu ya kuongoza kadi ya picha (mafundi wanaiita « pilote ») haijawekwa, au waya haipeleki habari za ekra kwa ordinateri.

3. Waya. Angalieni fishi yake. Ile yenye misumari 15 katika mistari mitatu, mara mingi ya rangi ya bluu, inaitwa VGA. Ni ya tangu mwaka 1987. Inapeleka picha kama umeme unaopanda na kushuka, na ekra inapaswa kukisia nukta moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Ikikisia vibaya, herufi zinapata kivuli au zinatetemeka. Dawa: fungueni ukurasa uliojaa maandishi ekra nzima, kisha mubonyeze kifungo cha AUTO, au mutafute neno hilo katika menyu ya ekra. Kazeni fishi kwa visukurubu vyake. Waya ndefu sana na nyembamba inaongeza vivuli.
Waya za HDMI, DVI ya kisasa na DisplayPort zinapeleka picha kwa hesabu, hazihitaji kukisia. Kama ordinateri na ekra zote mbili zina tundu la namna hiyo, ni bora kutumia hiyo.

4. Ukali wa picha. Katika menyu ya ekra kuna neno « netteté ». Watu wanafikiri kulipandisha mpaka juu kutasafisha herufi. Hapana. Likipita kiasi, herufi zinapata ukingo mweupe kama mtu aliyejipaka unga. Rudisheni mahali ilipokuwa wakati wa kutoka kiwandani.

5. Ulaini wa herufi. Katika Windows mutafute neno ClearType. Programu hii inatumia zile sehemu tatu za kila nukta ili kulainisha pembe za herufi. Inaonyesha mifano, na wewe unachagua ile inayopendeza macho yako.

6. Ukubwa wa herufi. Baada ya kurudisha hesabu nzuri, wengine watasema: « Sasa herufi ni ndogo mno! » Musishushe tena hesabu ya nukta, ukungu utarudi. Pandisheni ukubwa peke yake, kwa mfano kutoka 100 % mpaka 125 %. Kama programu moja ya zamani inabaki na ukungu na nyingine ni safi, tokeni katika kikao mwingie tena. Ikikataa, kosa ni la programu ile, si la ekra.

Kama munatumia televisheni kuwa ekra, mujue kwamba nyingi zinakuza picha kidogo na kukata pembe. Tafuteni katika menyu yake namna ya kuonyesha picha nzima, nukta kwa nukta.

E. MWISHO WA HABARI

Sisi tulifika hatua ya 2, na duara likawa duara. Kilibaki kivuli kidogo, hatua ya 3 ikakiondoa kwa kubonyeza AUTO mara moja. Mama Sekretere alihitaji 125 %. Kazi yote haikumaliza nusu saa, na grupu haikunywa mafuta mengi. Bulletin zilitoka siku yake, na 38 ikabaki 38.

Lakini kazi moja ilibaki, nayo si ya mashini. Nilimushitaki mtoto wa watu mbele ya wenzake bila kupima kitu hata kimoja. Kwa hiyo nilimwomba msamaha mbele ya klasi, pale pale nilipomwaibisha, na naandika hapa ili wale waliosikia shitaka wasikie na jibu. Mashini ikiharibika, ni rahisi kutafuta mtu. Kutafuta sababu kunaomba subira, lakini ndiko kunatengeneza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ekra ina nukta 1920 × 1080. Ordinateri inatuma 1280 × 720. Gawanya upana na urefu. Je, duara litakuwa yai? Je, herufi zitakuwa safi? Eleza sababu.
2. Menyu ya ekra yenyewe ina ukungu, na kitabu kinaonekana vizuri. Utashuku nini?
3. Kwa nini AUTO inatumika kwa VGA, lakini haina kazi kwa HDMI?
4. Mwenzako amegeuza waya, hesabu ya nukta na « netteté » mara moja, na ekra imepona. Amejifunza nini?

Leteni majibu kwa karatasi, jina na klasi juu. Tutayasoma pamoja katika saa ya mazoezi.