Turbini ya Mto Hupimwa Wakati wa Kiangazi

Mvua za Novemba zinapojaza Mto Athi, ni rahisi kwa mkazi wa Makueni au Kitui kuyatazama maji yale na kuhesabu umeme unaopotea. Hesabu hiyo huwa na kasoro, na kasoro yenyewe huanzia kwenye ukubwa wa turbini.

Mtambo mdogo wa kimo cha chini hutumia maji yanayoanguka mita chache tu. Ni tofauti na Bwawa la Thwake, ambalo ukuta wake unazidi mita 80 na ambalo limepangiwa kuzalisha takriban megawati 20 katika awamu ya umeme. Mtambo mdogo hauna hifadhi ya maji. Unatumia kile mto unacholeta siku hiyo.

Ili kupata kilowati, zidisha 9.81 kwa mita za ujazo za maji zinazopita kila sekunde, kisha kwa kimo cha maanguko kwa mita, kisha kwa ufanisi wa mtambo. Tuseme kimo ni mita 3 na ufanisi ni asilimia 75. Kila mita moja ya ujazo kwa sekunde itatoa kilowati 22 hivi.

Sasa chukua mto wa mfano unaopitisha mita za ujazo 6 kwa sekunde wakati wa masika na 1.2 wakati wa kiangazi. Ukiacha 0.4 ziendelee mtoni, unabaki na 5.6 za masika na 0.8 za kiangazi. Turbini moja ya 5.6 itaandikwa kilowati 123, na itapendeza kwenye mchoro. Lakini kiangazi itapata asilimia 14 tu ya maji yake. Turbini ya propela yenye mapanga yasiyogeuzwa haifanyi kazi ya maana kwa kiasi hicho, na pampu za visima zitanyamaza mwezi ambao foleni za mitungi ni ndefu zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulitaja mara chache. Mafuriko yanapokuja, maji ya chini ya mtambo nayo hupanda. Kimo cha mita 3 kinaweza kushuka hadi mita 1.5, na nguvu hupungua pamoja nacho. Zile kilowati 123 zilikuwa za karatasini.

Kwa mto wa namna hii, turbini mbili zinafaa zaidi: moja ya 0.8, kilowati 17 hivi, izunguke mwaka mzima, na nyingine ya 2, kilowati 44, iwashwe mvua zinapofika. Turbini ya Kaplan, yenye mapanga yanayogeuzwa, huvumilia mabadiliko ya maji, ila ni ghali zaidi. Mchanga wa mito ya Ukambani nao hula mapanga, kwa hivyo tangi la kutulizia mchanga ni lazima.

Maji yanayoachwa mtoni si hisani. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua akiba ya mto kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa viumbe wa majini, na kibali cha kuchota maji hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Samaki pia wahesabiwe. Mto Athi hushuka kama Galana na Sabaki hadi Bahari ya Hindi, na mikunga wake huzaliwa baharini na kukulia mitoni. Turbini ndogo inayozunguka kasi huwakata. Wavu wa kuzuia na njia ya kupitia viingie kwenye mchoro tangu mwanzo.

Mito kama Tiva na Kaiti hubaki mchanga mtupu kwa miezi. Hapo mabwawa ya mchanga yanasaidia zaidi kuliko turbini. Kwa kikundi kilicho kando ya mto usiokauka, kazi ya kwanza ni kupima maji kwa mwaka mzima, na vipimo vya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijanyesha, ndivyo vya kumwonyesha mhandisi kwanza.