Kabla Hujalipa Ada, Wahesabu Wasiokuwepo

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mabango hayakawii. Shule fulani imepata daraja la kwanza wote, nyingine haina daraja la nne wala sifuri, na mzazi ambaye mwanawe amemaliza darasa la saba anaanza kupiga simu kuulizia ada. Simlaumu, kwa kuwa matokeo ndiyo mlango wa kidato cha tano na chuo. Lakini ukiniuliza namna ya kuchagua shule ya sekondari hapa Tanzania, nitakwambia uanze na swali ambalo bango halilijibu: waliofanya mtihani huo ni wangapi kati ya wale walioanza pamoja? Asilimia ya ufaulu inatuonyesha wale tu waliofika mwisho. Ikiwa shule imewaondoa njiani wale iliohofia kwamba wangeishusha, asilimia hiyo inapima uhodari wa kuchuja, na wewe unakwenda kulipia ufundishaji.

Kuchagua wanafunzi kunabadilisha matokeo hata pale ambapo hakuna hila yoyote. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Tabora Boys ni shule za serikali za vipaji maalumu, na kwa miaka mingi zimepokea watoto waliong'ara katika mtihani wa darasa la saba. Zina walimu wazuri, sina shaka. Hata hivyo, haiwezekani kuziweka kwenye mizani moja na shule ya kata inayopokea kila aliyefaulu katika eneo lake, kisha tukaita tofauti yote ubora wa shule. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora, likisema utaratibu huo hauna tija. Wazazi wengi walinung'unika. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu orodha ile ilitufanya tuache kusoma takwimu zenyewe, na takwimu bado zipo wazi kwenye tovuti ya Baraza.

Namna ya kuzisoma ni hii. Fungua matokeo ya kidato cha nne ya shule unayoifikiria, tuseme ya mwaka 2024, uhesabu watahiniwa. Kisha fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili wa shule hiyohiyo wa mwaka 2022. Darasa ni lilelile, miaka miwili nyuma. Chukua mfano wa kubuni: shule ya kwanza ilikuwa na wanafunzi 96 kidato cha pili, wakafika 61 kidato cha nne, na wote 61 wakapata daraja la kwanza au la pili. Shule ya pili ilikuwa na 98, wakafika 95, na 62 kati yao wakapata madaraja hayo. Ya kwanza itaandika asilimia 100 kwenye bango, ya pili haitafika hata asilimia 66. Ukirudi kwenye darasa zima lililoanza, shule hizi mbili zimetoa karibu idadi ileile ya wanafunzi waliofanya vizuri, ila ya pili haikumwacha karibu mtu yeyote. Kwa shule za msingi fanya vivyo hivyo kwa upimaji wa darasa la nne na mtihani wa darasa la saba, ukiacha miaka mitatu katikati.

Usihukumu kwa mwaka mmoja. Utaratibu umekuwa kwamba anayeshindwa upimaji wa kidato cha pili anakariri darasa, kwa hiyo ondoa kwanza hao waliopata sifuri ndipo uhesabu pengo. Wapo pia wanaohama na wazazi wao, na wapo wanaohamia, ambao wanaweza kuziba pengo usilione. Katika shule za kata za vijijini upungufu mara nyingi una sababu nyingine kabisa: umbali, utoro, mimba, mtoto kuhitajika nyumbani. Hiyo ni habari nzito kwa namna yake, lakini siyo mchujo. Ninachokitafuta ni mtindo: shule ya ada, sifuri hakuna kidato cha pili, na bado kila mwaka darasa linapungua kwa robo au theluthi kabla ya kidato cha nne.

Watetezi wa mchujo wanasema wastani wa kuvuka darasa unajenga bidii, na kwamba mtoto asiyejituma hawezi kuachwa awarudishe wenzake nyuma. Hoja hii ina uzito, maana shule isiyodai chochote kwa mwanafunzi haimsaidii. Lakini kudai ni jambo moja na kufukuza ni jingine. Mtoto mwenye wastani wa 47 pale panapotakiwa 50 amekaa mbele ya walimu haohao mwaka mzima, na ada imelipwa mwaka mzima. Nani alimwita baada ya mtihani wa katikati ya muhula? Alipewa nini ambacho hakuwa nacho? Kama jibu ni kwamba alipewa barua mwezi Desemba, shule hiyo imekabidhi kazi yake kwa shule nyingine itakayompokea. Wizara ya Elimu imekemea mchujo wa namna hii zaidi ya mara moja, na bado upo, pengine kwa sura ya ushauri wa kuhama au wa kwenda kufanya mtihani kwenye kituo kingine kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mzazi mwingine atasema mwanawe ni kichwa, mchujo haumhusu. Hapa ndipo ninapoomba utulie zaidi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza, masomo hayohayo anayakuta kwa Kiingereza. Mtoto hodari kabisa anaweza kushuka miezi ya mwanzo, na akili yake ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba hajaelewa swali linataka nini. Shule inayochuja mwisho wa kidato cha kwanza inachuja lugha aliyokuja nayo mtoto, na hao ndio watoto wengi wa nchi hii. Tena kichwa naye huugua, hufiwa, au hupita tu katika mwaka mgumu wa ujana. Shule isiyo na desturi ya kumwinua aliyeteleza haitajifunza desturi hiyo siku atakapoteleza wa kwako.

Vipi kuhusu mzazi asiye na cha kuchagua, ambaye mtoto wake amepangiwa shule ya kata na ndiyo hiyo? Naye takwimu zinamfaa. Ada za sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, zimeondolewa tangu 2016, lakini haki ya kuuliza haikuondolewa. Aende kwenye mkutano wa wazazi akiwa na mstari wa hisabati wa matokeo ya shule hiyo mkononi, somo ambalo mwaka 2022 lilifaulwa na takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano nchini. Shule inayopokea kila mtoto na bado inafaulisha hisabati kuliko jirani zake ina walimu wanaostahili kushukuriwa kwa majina. Isiyofaulisha hata mmoja yapasa iulizwe kama ina mwalimu wa somo hilo.

Kwa mwenye kuchagua, lililobaki ni fomu ya kujiunga. Isome yote, hasa ukurasa wa masharti ya kuendelea na masomo, kwa sababu wastani wa kuvuka huandikwa humo, na wengi hurukia ukurasa wa ada na sare. Kisha muulize mwalimu wa taaluma, akiwa na orodha zako mbili mbele yake, wale waliopungua wako wapi sasa. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake atakueleza: huyu alihama, huyu aliugua, hawa wawili wanakariri. Ukiambiwa kwamba hawakuendana na viwango vya shule, omba uandikiwe ni hatua gani huchukuliwa kabla ya mwanafunzi kuondolewa, na usilipe hata awamu ya kwanza ya ada mpaka uipate karatasi hiyo.